Lakiri ya Tarishi na Kanzu ya Mjomba

Juzi mjukuu wangu Rehema alinijia na kitabu chake cha kemia kwapani.

"Bibi, mango ni nini?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Si lile jiwe jeusi la mviringo linalozuia mlango wa jikoni?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe kitabuni mango ni kitu chochote kigumu chenye umbo lake, kama ubao, chuma au barafu. Halafu kuna kimiminika, kisicho na umbo lake, kinachofuata umbo la chombo. Halafu kuna gesi, ambayo ukiacha mlango wazi imeshatoka. Nikamwambia, basi mwalimu wako yuko sawa na mie niko sawa, maana lile jiwe nalo ni mango la kitabuni. Na kama si jiwe lile, babu zako Athumani na Saidi na bibi yako Zuhura wangekulia kila mmoja mji wake, tukaja kujuana ukubwani kwenye misiba.

Hapo akafunga kitabu. Nilichomsimulia ndicho ninachowaandikia nyie vijana wote mnaosoma kemia kwa ajili ya mtihani. Mie niliisoma kwa pua na vidole.

Nilipiga polishi ya samani Keko tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Sikuichagua kazi hiyo. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hatujazoea nyumba isiyo na baba. Nilikuwa darasa la sita. Mie ndiye mkubwa, nyuma yangu Athumani, kisha Zuhura, na kitinda mimba wetu Saidi. Shule nikaiacha siku ile ile niliyogundua kwamba mtu wa kuwasha moto asubuhi ni mie.

Kwa watu wetu wa kusini, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Mjomba Hemedi alikuja msibani kutoka Newala, akakaa matanga yote, na alipokaribia kuondoka akatuita chumbani. Msimdhanie ubaya. Alikuwa ameshatugawa kwa huruma: Athumani aende naye Newala, Zuhura kwa mama mdogo Lindi, Saidi kwa ndugu mmoja wa Masasi aliyekosa mtoto wa kiume. Mie nitafutiwe mume.

"Niachie, mjomba," nikamwambia. "Nitawalea."

"Kwa kazi gani?"

"Nimepata Keko, karakana ya samani. Napiga msasa."

"Kupiga msasa ni kazi, au ni kujikuna?"

Athumani akacheka, nikamfinya. Mjomba alifikiri, akatoa sharti lake. Anarudi kwenye mikorosho yake. Akishauza korosho atakuja tena. Akikuta nina kazi inayoitwa kazi, watoto ni wangu. Akikuta bado najikuna na mbao, anaondoka nao.

Miaka ile ya Ujamaa, mafundi wengi walikuwa wanajiunga kwenye vyama vya ushirika. Chama chetu kilikuwa banda la mabati lenye maseremala ndani na sie wapiga msasa nje, kwenye vumbi. Mwanachama alikuwa mtu mwenye ufundi wake. Mpiga msasa alikuwa kibarua tu, leo yupo, kesho kaambiwa hakuna mbao. Mpiga polishi alikuwa mmoja, Fundi Chitanda, Mmwera wa Nachingwea, mwenye kikohozi cha vumbi na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Kwa ajili ya macho hayo alihitaji mkono wa mtu mwingine. Aliangalia msasa wangu, akapitisha kiganja juu ya ubao kama anayempapasa ng'ombe wa kununua, akasema, "Kesho uje ndani."

Sasa sikieni kemia ya Fundi Chitanda. Yeye alisema vitu vyote duniani vina ukoo, na ukoo wa kitu unaujua kwa kuangalia kinayeyukia wapi. Chumvi, sukari na gundi ya ng'ombe ni ukoo wa maji. Nta na grisi ni ukoo wa mafuta, maji hayaziwezi, ila mafuta ya taa yanazilegeza. Lakiri ya polishi yetu ni ya ukoo wa spiriti. Kisha kuna wakaidi: mchanga, kioo, vumbi la matofali. Hao uwape maji, uwape spiriti, uwape mafuta, wanazama chini na kukutazama.

"Na maji na mafuta, fundi?" nilimuuliza.

"Hao watani. Utawatia chupa moja, utawatikisa, watatukanana, kisha kila mmoja anarudi upande wake. Hawaoani mpaka aje mshenga."

"Mshenga nani?"

"Sabuni."

Mpaka leo nikiosha sufuria yenye mafuta namkumbuka mshenga wa Fundi Chitanda.

Gundi yetu tuliipika kwa ngozi na kwato, na ilinuka kiasi kwamba jirani yetu muuza vitumbua alihamisha meza yake mara kwa mara kulingana na upepo. Gundi ile huwezi kuiweka motoni moja kwa moja. Unaweka sufuria ndani ya sufuria, maji katikati, ili moto usiiguse. Ikiwa ya moto ni kimiminika, inaingia kwenye tundu la kiungo. Ikipoa inaganda, kiungo kimeshika. Kiti kikivunjika baada ya miaka, mvuke wa maji moto unairudisha na unakifungua bila nyundo. Nyie wa gundi za makopo hamjui raha hiyo.

Siku moja chupa ya spiriti ilikutwa imepungua sana. Minong'ono ikaanza, na macho yote yakamwendea seremala mmoja aliyependa kuimba asubuhi. Maskini akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Fundi Chitanda akauliza, nani alifunga chupa jana? Hakuna. Akamimina spiriti kidogo kiganjani mwangu. "Umeona nini?" Baridi, nikamwambia, na harufu. Tukangoja. Kiganja kikawa kikavu.

"Nani kainywa?" akauliza.

"Hakuna, fundi."

"Upepo kainywa. Ukisikia harufu yake, ujue ndiyo inapita hapo puani kwako ikienda zake. Mwacheni bwana wa watu aimbe."

Ndivyo polishi inavyofanya kazi, wanangu. Lakiri inakuja kama magamba ya samaki ya rangi ya chungwa. Wengine huiita shelaki. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyetuuzia, Bwana Rajabali wa Kinondoni, mtu mpole sana, ndiye aliyeniambia hutoka kwa wadudu wanaokaa mitini huko India, na kwa wiki nzima nikawa nanawa mikono mara mbili. Unayaloweka magamba kwenye spiriti, yanapotea machoni, lakini hayajaenda popote. Unapaka. Spiriti inaondoka na upepo, lakiri inabaki juu ya mbao, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Chombo chake ni chupa ya kioo. Ukiitia kwenye kopo la chuma inapata weusi, na viti vyako vitatoka kama vimepakwa chai.

Basi, korosho huko kusini zilikuwa zinakaribia kuokotwa wakati chama chetu kilipopata kazi ya viti vya ofisi ya kata. Viti vya mninga, mgongo mrefu. Fundi Chitanda akaniita pembeni.

"Mwanaidi, viti hivi utavipaka wewe. Mie nitakaa na kukutukana. Vikitoka vizuri, nitasema neno lako kwenye mkutano, uingie uanachama. Vikiharibika, hata mie watanitoa."

Nyumbani nikawaambia wadogo zangu: viti vikitoka vizuri, hamwendi popote. Tangu siku hiyo Saidi alikuwa akimaliza kuomba dua ya kulala anaongeza, "na viti vya dada."

Bidhaa za nje zilikuwa adimu. Lakiri tuliyokuwa nayo ilikuwa mfuko mmoja, na Bwana Rajabali alishatuambia hajui meli nyingine ni lini.

Hapa sasa ndipo anapoingia Tarishi. Jina lake halisi nililijua siku ya maziko yake. Alikuwa mzee mcheshi aliyestaafu utarishi wa posta, akajiunga na chama chetu kuangalia ghala. Asubuhi moja Fundi Chitanda alikuwa anakwenda hospitali Mwananyamala kuonyesha macho. Akamwita.

"Tarishi, mfuko wa lakiri huu hapa, na chupa ya spiriti hii. Iyeyushe yote, kesho Mwanaidi aanze."

"Lakiri?" Tarishi akajipiga kifua. "Bwana, mie lakiri nimeyeyusha kabla huyu binti hajazaliwa!"

Na hakusema uongo. Lakiri ya posta ni ile nyekundu ya kufungia vifurushi, unaiyeyusha kwa mshumaa, inadondoka kwenye fundo, unagonga muhuri. Tatizo liko kwenye lugha yetu tamu. Barafu ikikaa juani tunasema imeyeyuka. Chumvi ikiingia kwenye maji, tunasema imeyeyuka pia. Neno moja, mambo mawili. La kwanza linataka joto tu, la pili linataka mwenyeji wa kumpokea mgeni. Fundi Chitanda alisema yeyusha akiwa na maana ya pili, na Tarishi akasikia ya kwanza.

Mtauliza, na spiriti je, hakujiuliza ni ya nini? Alijua vizuri sana. Nyumba gani wakati ule haikuwa na stovu ya mafuta ya taa, na stovu gani iliwaka bila kuipasha kwanza kwa spiriti? Aliona amepewa vitu kamili: lakiri ya kuyeyusha na spiriti ya kuwashia stovu.

Nilikuwa bombani nachota maji. Niliporudi nikasikia harufu ambayo banda letu halikuwahi kuwa nayo.

"Mzee, unapika nini?"

"Njoo uone, mwanangu! Imeshakuwa kama asali."

Nilichungulia. Mfuko mzima ulikuwa ndani ya sufuria, unatokota kwa uvivu, na chini moshi mweusi umeanza kupanda ukutani mwa sufuria. Nikaiondoa motoni kwa upindo wa kanga.

"Mzee wangu, lakiri hii inayeyushwa kwa spiriti!"

"Na mie nimetumia spiriti. Stovu imewaka vipi?"

Nilikaa juu ya tofali. Nilimwona Saidi amekaa juu ya lori la Masasi, miguu inaning'inia. Tarishi naye, alipoelewa, alivua kofia yake akaishika mikononi kama yuko msibani. Fundi Chitanda akarudi na dawa yake ya macho. Sufuria ilikuwa imepoa. Kilichokuwa asali kilikuwa jiwe la rangi ya tende. Akaligonga kwa ukucha, akainamisha macho yake mabovu karibu kabisa.

"Tarishi," akasema, "barua hii unampelekea nani?"

Maseremala walicheka mpaka randa zikasimama. Mie nilikuwa nalia.

"Acha kulia, utaitia maji, nayo si ya ukoo huo. Leta patasi."

Tukalipasua. Juu lilikatika kama kioo, ukilielekeza juani linapitisha mwanga. Chini kulikuwa na tabaka jeusi, linavutika kama ulimi wa ng'ombe. Fundi Chitanda akatenga vipande viwili kwenye vikombe vya kioo, cha juu na cha chini, akavimwagia spiriti. Tulivitazama kama watu wanaosubiri mgonjwa ajibu salamu. Kikombe cha kwanza kilianza kutoa rangi pembeni, taratibu, kama chai. Cha pili hakikutoa kitu.

"Umeona? Huyu wa juu alibadilika umbo tu. Alikuwa gamba, akawa uji, sasa ni jiwe, lakini ukoo wake ni ule ule, na spiriti imemtambua. Huyu wa chini kaungua. Keshahama ukoo. Hata umwite kwa jina, haitikii."

Rehema akanikatiza hapa, akasema hiyo kitabuni ni badiliko la kiumbo na badiliko la kikemikali. Nikamwambia mie nimelitwanga hilo badiliko lako la kiumbo kwa mikono yangu. Maana vipande vikubwa vingechukua muda mrefu kuyeyuka, ikabidi tuvisage viwe unga. Kinu kingeipoteza lakiri kwenye nyufa za mbao. Nikakimbilia nyumbani nikaleta mango la marehemu mama, lile alilopondea viungo. Nikaponda juu ya bamba la jiwe mpaka mkono ukafa ganzi. Tarishi akapewa adhabu ya kuitikisa chupa. Alifungwa chupa mgongoni kwa kanga yangu kama mtoto, akawa anazunguka karakana anaibembeleza, na kila mpita njia akiuliza anaambiwa, "Mzazi huyo, mtoto kachelewa." Kisha tukaichuja kwa amerikani, wakaidi wakabaki kitambaani.

Ilitosha. Ilikuwa na rangi nzito kidogo kuliko kawaida, lakini ilitosha.

Kupaka polishi kunaanzia kwenye bonge. Pamba katikati, kitambaa laini nje, bila mkunjo hata mmoja upande unaogusa mbao. Unailisha pamba lakiri, unaikamua, tone moja la mafuta ya kitani ili iteleze. Unakwenda kwa namba nane, nane juu ya nane, na husimami. Ukisimama kupumua, spiriti mbichi inalegeza tabaka ulilopaka jana, bonge linanata, na unang'oa kazi ya siku nzima. Fundi Chitanda alikaa nyuma yangu kwenye ndoo akinitukana kama alivyoahidi. "Unapiga pasi wewe? Nane! Nane haina kona!"

Mvua za vuli zikatuingilia. Hewa ikiwa na maji mengi, polishi hupata ukungu mweupe, kama mtu kaipumulia. Vijana wengi hukimbilia kuipiga msasa. Msifanye hivyo. Ngojeni jua, kisha pitisheni bonge lenye spiriti kidogo sana, karibu kavu, na unyevu utatoka. Ukungu wetu ulitoka. Lakini lakiri iliyopitia motoni ina uvivu wake. Ilikauka usoni haraka, ndani ikabaki laini, na kwa unyevu ule ikachukua siku nyingi zaidi. Kwa macho ulikuwa umemaliza. Kwa kidole, bado.

Jua lilipochomoza tukavitoa viti nje vyote, vikapangwa kwenye baraza ya banda, vinang'aa kama vimetoka kuoga. Na siku hiyo hiyo Mjomba Hemedi akashuka kwenye basi la kusini. Hakwenda hata kupumzika. Aliwakuta wadogo zangu chumbani, wakamleta Keko.

Nilikuwa nyuma ya banda nanawa mikono. Nilichosikia ni sauti ya Zuhura:

"Dada! Dada, njoo! Mjomba kaganda!"

Nilikimbia. Mjomba, na kanzu yake nyeupe ya safari, alikuwa amechagua kiti kizuri kuliko vyote, akaegemea kwa uzito wa mtu aliyetoka Newala kwa basi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, kiti hiki kina nini? Nikitaka kuinuka kinanirudisha."

"Usiinuke, mjomba! Tafadhali usijivute."

Akijivuta, kanzu ingechanika, na kiti kingebaki na kovu. Na kiti kile ndicho kilichobeba neno langu mkutanoni. Nikamtazama Fundi Chitanda. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, hata hakusogea.

"Wewe ndiye fundi hapa?" mjomba akamuuliza kwa ukali. "Nitoe basi!"

"Kiti hicho si changu, mzee mwenzangu," akajibu. "Mwombe fundi aliyekipaka." Akaninyooshea mkono.

Hakuna aliyewahi kuniita jina hilo. Nikachukua chupa ya spiriti na bonge safi, nikapiga magoti.

Kazi ile haitaki haraka. Spiriti ikizidi, inayeyusha polishi yote na kumwachia mjomba doa la rangi ya tende makalioni. Ikipungua, haifiki. Nilidondoshea tone kwenye ukingo wa kitambaa, nikangoja lipenye, nikaikunjua kanzu upana wa kidole. Tone jingine. Mjomba alikuwa hana pa kwenda, basi akawa anatazama. Tarishi alimletea kahawa, akamsimulia kisa kizima cha sufuria, pamoja na chupa ya mgongoni. Mjomba alijizuia, akashindwa, akaanza kucheka.

"Usicheke, mjomba, unatikisa!" nikamwambia kwa ukali, na nikajistukia. Hatukuwa tunamsemesha mjomba hivyo.

Lakini alitii. Akakaa kama picha. Baada ya muda akakumbuka kilichomleta, akawageukia wadogo zangu, shingo tu.

"Haya, nyie. Nimekuja kuwachukua. Mnasemaje?"

Athumani akanitazama. Zuhura akatazama chini. Saidi, ambaye hajawahi kuona haya maishani mwake, akasema:

"Inuka kwanza, mjomba."

Fundi Chitanda alikohoa mpaka tukadhani tunampoteza. Mjomba hakukasirika. Alikuwa ananitazama vidole.

Mwishowe pindo la mwisho likaachia. Akasimama, akaivuta kanzu mbele aikague. Ilikuwa nzima, doa lake dogo tu, kama tone la chai. Kwenye kiti kulibaki alama ya uzi wa kitambaa, nyuzi zote zimechorwa. Sikungoja niambiwe. Nikalisha bonge, nane juu ya nane, mpaka alama ikafifia na uso wa mjomba ukaonekana ndani ya mbao.

Alijiangalia humo kwa kitambo.

"Hii siyo kujikuna," akasema.

Akalala kwetu usiku mmoja, na kesho yake akapanda basi, korosho alizotuletea kaziacha mezani. Alipanda peke yake. Mkutano wa chama uliponijadili, Fundi Chitanda alisema sentensi moja tu, kwamba mimi nimeshampaka polishi hata mjomba wangu, na mikono ikanyooshwa juu kwa kicheko.

Mjomba Hemedi alikuja kututembelea miaka mingi baada ya hapo. Aliwaoza wadogo zangu, aliwabeba watoto wao. Na kila alipoingia nyumbani kwangu, kabla ya kukaa, alikigusa kiti kwa ncha ya kidole, akainua sauti mpaka jikoni:

"Fundi! Hiki kimekauka, au nacho kinataka nikuachie watoto?"